Remmy Ongala: nimebaki na "Songs for the Poor Man"

Ninakaa Sinza. Kila jioni nikirudi kazini konda anagonga bati na kupiga kelele, "Kwa Remmy, kwa Remmy, kuna mtu?" na mwenye jina la hicho kituo, mwanamuziki Remmy Ongala, mara nyingi ananiimbia masikioni. Konda kwa umri wake nadhani hata hajui anamtaja nani.

Ukiuliza kwetu albamu bora ya Dokta Remmy ni ipi, umechokoza ugomvi. Mjomba wangu hata hilo neno albamu halitaki. Watu wa rika lake walizijua nyimbo za Super Matimila, bendi ya Remmy, kwa Radio Tanzania: unakaa na redio kaseti, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, unaomba Mungu mtangazaji asidakie katikati ya gitaa. Nalilia Mwana ya 1988, Songs for the Poor Man ya 1989 na Mambo ya 1992 zilitolewa Uingereza. Mjomba anaziita "zile za Wazungu".

Mimi Songs for the Poor Man niliianza kwa kopi ya mtaani. CD ya kuchomwa, jalada la fotokopi, na ikifika "Sauti ya Mnyonge" inakwama na kurudia silabi moja mpaka uizime. Niliirudisha, muuzaji akanijibu kwamba deki yangu ndiyo mbovu. Baadaye binamu yangu aliyeko Uingereza akaniletea halisi, na hapo ndipo nilipojua nilikuwa sijaisikia kabisa. Ilirekodiwa kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza, na usafi wake unaushangaa. Kwenye kopi magitaa yalilia kama yamefungiwa ndani ya debe; hapa nalifuata gitaa la solo peke yake, kisha narudi mwanzo kulifuata la rithim.

Wimbo ninaourudia ni "Kipenda Roho". Jina lenyewe ni nusu ya methali, hiyo nyama mbichi unaimalizia mwenyewe. Sauti ya Remmy haina asali. Inakwaruza, ni ya mtu anayekueleza jambo mmekaa kwenye benchi (na mtu aliyejiita Sura Mbaya hakuwa na haja ya kujipamba). Halafu kuna kile Kiswahili chake cha Kongo. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kupigia bendi ya Orchestra Makassy, na lafudhi hakuiacha mpakani. Kwenye jalada la Mambo wimbo mmoja umeandikwa "Inchi Yetu", na mimi sitaki mtu ausahihishe.

Hiyo Mambo sikuipenda sana. Kiingereza kimezidi, na Remmy akiimba Kiingereza anakuwa mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Naisamehe kwa ajili ya "Mrema", wimbo wa kumsifu waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, maana ukiusikia unaikumbuka miaka ile vizuri kuliko kwa gazeti.

Nalalamikia mambo mawili kwenye niliyoichagua. Albamu ya Kiswahili kupewa jina la Kiingereza, hiyo imenikaa vibaya tangu siku ya kwanza. Pili, mjomba ana haki akisema chemko, ile sehemu ya kuchezea, ni fupi: magitaa yanashika moto, mabega yangu yanaanza kucheza, mara wimbo umekwisha. Ukumbini, anasema, hapo ndipo watu walipokuwa wanaanza kuvua makoti.

Na akiona namshinda, anatoa "Mambo kwa Soksi". Wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu, redio ikakataa kuupiga, yeye akautafuta kwenye kaseti mpaka akaupata. Hapo sina jibu.

Ukiinunua, usiisikilizie spika ya simu. Besi yote inapotea, na bila besi ya Matimila unabaki na nusu ya bendi.