Rameni ya Hakata mjini Fukuoka: tambi ndizo zilizoniteka

Ukiwa Fukuoka, Japani, na unataka rameni yenyewe hasa, yaani tambi ndani ya mchuzi kwa mtindo wa Hakata, eneo la mji huo, fuata pua. Duka nililolipata limejificha kichochoroni kwenye mtaa wa makazi, na harufu ya mifupa ya nguruwe inayotokota ilinipokea kabla sijaliona pazia la mlangoni. Ni harufu nzito, wapo wanaoikimbia. Mimi ilinipa moyo, maana mchuzi wa tonkotsu, yaani wa mifupa ya nguruwe, haupatikani bila hiyo harufu. Mifupa huchemshwa saa nyingi kwa moto mkali, si wa taratibu, mpaka mafuta na uteute wake vishikane na maji na mchuzi uwe mweupe kama tui. Rameni ya mifupa ya nguruwe ilianzia Kurume, kusini kidogo mwa Fukuoka, mwaka 1937.

Ndani ni kaunta na viti vichache. Unalipa kwanza kwenye mashine ya tiketi; bakuli la kawaida ni yeni 800. Mpishi akipokea tiketi anauliza swali moja tu: tambi ziive kiasi gani? Kata ni ngumu kidogo, barikata ni ngumu zaidi. Nilichagua kata.

Bakuli lilifika upesi sana, na hapo ndipo duka hili lilipoyaacha mbali mengine niliyowahi kula. Mara nyingi nimeletewa rameni iliyojaa mapambo juu huku tambi zimelegea chini. Hizi zilikuwa nyembamba, zimenyooka, zina kiini kinachobana kidogo ukitafuna. Tambi za rameni hukandwa kwa maji yenye chumvi za magadi, Wajapani huyaita kansui, ndiyo sababu zinavutika na kuwa na ladha ambayo tambi za ngano za kawaida hazina. Za Hakata hutiwa maji machache wakati wa kukanda, hivyo hunywa mchuzi haraka. Ukikaa kupiga picha, zimeshaharibika. Kula mara moja, zivute kwa sauti bila haya. Jirani zangu wote walifanya hivyo.

Juu kulikuwa na vipande viwili vya nyama, vitunguu majani, ufuta na uyoga mweusi uliokatwa vijiti. Nyama ilikuwa ya kawaida tu. Yai la nyongeza sikulipenda: lilikuja baridi na kiini kimekauka, pesa yake heri uiweke kwenye tambi. Kaunta ina tangawizi nyekundu ya siki na takana, yaani majani ya haradali yaliyochachushwa, yenye pilipili. Nakusihi usivitie mwanzoni. Takana hasa hufunika kila kitu, na mchuzi huu unastahili kuonjwa peke yake kwanza.

Ndugu zangu Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe: hapa hakuna namna, mchuzi wote ni nguruwe, hata ukiomba nyama isiwekwe. Tafuteni maduka yenye cheti cha halali. Kuna mchuzi wa kuku uitwao tori paitan unaochemshwa kwa nguvu vilevile mpaka uwe mweupe, na ni mtamu kwelikweli. Lakini kuku peke yake hatoshi, ulizeni pia mafuta na kiungo cha chumvi kinachotangulia bakulini vimetengenezwa kwa kitu gani.

Bakuli la kwanza litaonekana dogo. Usiagize kubwa, kwa sababu tambi nyembamba zikiwa nyingi, za mwisho hulegea kabla hujazifikia. Dawa yake ni kaedama, yaani fungu la pili la tambi peke yake, lililozoeleka tangu enzi za wafanyakazi wa soko la samaki la Nagahama waliokuwa hawana muda wa kusubiri. Hapa ni yeni 150. Bakiza mchuzi wa kutosha, itisha kaedama ukiwa umebakiwa na tambi chache, na hizo za pili omba barikata. Tangawizi na takana tia sasa.