Msimu wa 4 wa Seinfeld kwenye DVD: uzoefu wangu sebuleni kwa mjomba, Bombo

Dada yangu alipokuja likizo kutoka Marekani aliniletea kasha la msimu wa 4 wa Seinfeld, kipindi cha vichekesho cha Marekani, lenye diski nne na vipindi 24 vilivyorushwa na kituo cha NBC mwaka 1992 na 1993. Nianze na kero yake. Kasha hilo limetengenezwa kwa ajili ya kanda ya 1, yaani Marekani na Kanada, ilhali Uganda tumo katika kanda ya 5, kwa hiyo deki yangu iliizungusha diski ya kwanza kwa muda, ikaandika kwamba haiwezi kuisoma, kisha ikaitema. Ilinibidi niazime deki ya jirani wa mjomba, ile ya bei nafuu isiyochagua diski, na waya wake mwekundu tukaufunga kwa utepe ili sauti isikatike. Anayeagiza kasha kama hili atazame kwanza alama ya dunia yenye namba iliyo nyuma yake.

Msimu huu nilikuwa nautafuta tangu nilipofundishwa usasaleo (postmodernism) chuoni, kwa sababu ndio unaoonyesha waziwazi jambo ambalo vitabu vya nadharia hulizungusha mno: kazi ya sanaa inayojizungumzia na kujicheka yenyewe. Wahusika wakuu, Jerry na rafiki yake George, wanakwenda NBC kuuza wazo la kipindi kisichohusu jambo lolote, na NBC hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikirusha kipindi tunachokitazama. Katika sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa Mei 1993, kipindi chao kinarekodiwa, na waigizaji wengine wanaletwa kuwaigiza wao.

Mjomba wangu ni askari mstaafu ambaye Kiswahili alikitoa kambini na Kiingereza hakukifuata sana. Dakika ya tano aliniuliza, "Mjomba, VJ wa hii yuko wapi?" Swali lilikuwa la haki. Mtu aliyezoea vibanda vya video vya Kampala hategemei kuiona filamu ikiwa peke yake. Hutegemea VJ anayeitafsiri kwa Kiluganda huku akiitania na kuwabatiza wahusika majina ya mtaani. Filamu ya Wakaliga, mtaa wa Kampala, iliyotoka mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imesambaa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, akiisifu na kuicheka filamu ileile anayoisimulia. Basi nikawa VJ.

Walipoingia wale waigizaji wa kuwaigiza waigizaji, mjomba aliniamuru nisimamishe picha. "Huyu anamwigiza George. Na George anamwigiza nani?" Nikamweleza kwamba George amechongwa kwa mfano wa Larry David, aliyekibuni kipindi pamoja na Jerry Seinfeld, na kwamba huyo Jerry anaigiza mtu mwenye jina lake mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka kabla watazamaji wa studio hawajacheka, na sijui kama Lyotard, mwanafalsafa Mfaransa wa usasaleo aliyeandika mwaka 1979 kuhusu watu kutoziamini tena simulizi kuu, aliwahi kupata mwanafunzi mwepesi hivyo.

Kasha lina nyongeza niliyoipenda kuliko mahojiano yote: ukiiwasha, maandishi madogo hujitokeza juu ya picha na kukueleza mambo ya nyuma ya pazia. Huyo ni VJ bubu. Hata hivyo maandishi ni ya Kiingereza tu na hupita haraka, kwa hiyo nilijikuta nikimtafsiria mjomba mazungumzo na maelezo kwa pamoja, hadi utani ukapotea njiani, tukaizima nyongeza hiyo. Utani wa kujicheka haubebi mzigo mara mbili.

Tahadhari moja kwa wenye familia: sehemu ya shindano (The Contest), iliyompatia Larry David tuzo ya Emmy ya uandishi, inahusu jambo ambalo wahusika hawalitaji hata mara moja, na ambalo mimi pia sikulitaja mbele ya mjomba. Nilikumbuka ghafla kwamba chai ilikuwa jikoni. Niliporudi alinitazama usoni, akasema VJ mzuri hatoroki kazini.

Kwa ubora wa picha na sauti sina lalamiko. Jirani amekuja mara mbili kudai deki yake, na mjomba amemwambia asubiri diski ya nne iishe.