Uzoefu wangu: sanduku la kupimia maji kwa matone, na bwawa la chumvi la Paje

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Paje, na bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 4, kiasi cha lita 60,000. Miaka miwili iliyopita niliacha klorini ya unga nikaweka mashine ya chumvi, inayotengeneza klorini kutokana na chumvi iliyomo majini. Fundi aliyeniuzia alisema, "Dada, hii unamwaga chumvi, unawasha, basi. Mambo ya dawa umeagana nayo." Nikamwamini.

Mwezi wa nne maji yakageuka kijani. Mashine inasoma asilimia mia, pampu inazunguka, na bado ukuta wa bwawa unateleza ukiugusa. Mgeni mmoja alimtoa mtoto majini macho mekundu, akanirudishia taulo bila kusema neno. Nilipoifungua seli, yaani sehemu ya mashine ambamo klorini hutengenezwa, zile bamba za ndani zilikuwa zimeganda ukoko mweupe kama wa kwenye birika la chai. Fundi akasema seli imekufa, ninunue nyingine. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya mashine nzima.

Kabla ya kutoa hela, rafiki anayetunza mabwawa ya hoteli aliniuliza swali moja: unapima na nini? Nikamwonyesha vijikaratasi vyangu vya kuchovya. Akanishauri niagize sanduku la Taylor K-2006 la Marekani, pamoja na kile kipimo chao cha chumvi, K-1766, ambacho huuzwa peke yake. Hadi kufika Unguja vilinigharimu zaidi ya laki tatu. Nimevitumia miezi 14 sasa, na naandika haya kwa sababu najua wenzangu wengi wa pwani wako pale nilipokuwa.

Kipimo cha klorini ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Unajaza maji ya bwawa hadi mililita 10, unatia vijiko viwili vidogo vya unga, maji yanakuwa waridi. Kisha unadondosha dawa tone kwa tone huku ukizungusha kichupa. Waridi inafifia, inafifia, na kwa tone moja inatoweka kabisa, maji yanabaki bila rangi. Kila tone ni nusu, yaani miligramu 0.5 kwa lita. Matone manane, una 4. Hakuna kubahatisha rangi wala kubishana na kijana wa bwawa kama hii ni njano au machungwa.

Siku ile ya kwanza halikuhitajika hata tone moja. Unga ulikataa kugeuka waridi: klorini sifuri, saa nane mchana, mashine ikiwa imewaka tangu asubuhi. Nikapima asidi ya sayanuriki, ile wanayoiita stabilaiza, inayoikinga klorini na jua. Hapa unachanganya maji na dawa, unamimina kwenye mrija wenye nukta nyeusi chini, na pale nukta inapopotea ndipo unaposoma. Yangu haikupotea. Hapo nikaelewa. Mashine ilikuwa inatengeneza klorini kweli, na jua la Paje lilikuwa linaila yote kabla ya jioni, maana hapakuwa na kitu cha kuikinga. Fundi hakuwahi hata kuitaja. Nikanunua kilo nne, nikazitia ndani ya soksi na kuzining'iniza mbele ya tundu la maji yanayorudi. Inayeyuka taratibu sana, na ilichukua karibu wiki kuonekana kwenye kipimo. Sasa naiweka kati ya 60 na 70, na klorini kati ya 4 na 5. Ule ukijani wenyewe niliumaliza kwa klorini ya maji, kwa sababu mashine hufanya kazi polepole mno kwa bwawa lililokwisha kuchafuka.

Jambo la pili lilikuwa kisima nilichojazia bwawa. Sisi tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji yake yamebeba chokaa. Alkali, ile inayozuia pH isibadilike ovyo, ilisoma 240, kalsiamu 430, na pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, ilikuwa 8.2 kila nilipopima. Mashine ya chumvi yenyewe husukuma pH juu, na pH ikipanda kwenye maji ya namna hii, chokaa hutafuta mahali pa kuganda. Mahali pake pa kwanza ni kwenye bamba za seli. Kwa bwawa langu, kushusha alkali kwa 10 kunataka zaidi kidogo ya lita moja ya asidi ya hidrokloriki, kwa hiyo kuifikisha 80 kulikula lita 19 hivi. Nilizigawa kwa wiki kadhaa, nikielekeza bomba la kurudisha maji juu lichemkechemke na hewa ili pH, ambayo asidi huishusha pia, ipande tena yenyewe kati ya dozi na dozi. Kalsiamu haina dawa ya kuishusha, ila kubadilisha maji. Masika nilikinga mvua ya paa la bati kwenye tangi, na hadi leo najazia kwa maji hayo.

Seli niliiosha kwa sehemu moja ya asidi kwenye sehemu nne za maji, asidi ikiingia juu ya maji, kamwe si kinyume chake. Ukoko ukatoka, seli ikarudi kazini. Ile ile niliyoambiwa imekufa.

Chumvi ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko yote. Kilo moja katika lita elfu inaongeza 1,000, na mashine yangu inataka 3,200, chini ya sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari. Maji yakikauka kwa jua chumvi inabaki, kwa hiyo usiongeze gunia kwa sababu tu kina kimeshuka. Pima kwanza.

Kasoro za sanduku zipo. Maelezo yote ni ya Kiingereza, nikalazimika kumtafsiria kijana wangu kwenye daftari. Dawa haziwezi joto. Ninaziweka ndani, kabatini. Klorini ikizidi sana, kipimo cha pH kinatoa zambarau ya uongo. Na dawa ya kupimia stabilaiza inaisha upesi, dukani hapa haipatikani. Tena, asidi na klorini sizihifadhi kibanda kimoja: mvuke wa asidi ulishakula bawaba za mlango wangu, na zikikutana hizo mbili zinatoa gesi ya sumu.

Leo asubuhi kijana amepima peke yake: klorini 4.5, pH 7.6, alkali 70. Kwenye chupa ya stabilaiza imebaki robo, na nyingine mbili nimeshaagiza.