Chumba cha gemu Ngamiani: nendeni, ila ikimbieni mashine namba 3

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, keria za baiskeli. Kwa Tanga hii, baiskeli peke yake inaweza kukulisha. Kwenye kile chumba cha gemu cha Ngamiani (sikitaji jina, wa barabara zenye namba mnakijua) nilikwenda kupima grili ya dirisha tu. Nikamkuta dogo mmoja anacheza World of Tanks. Anapiga kifaru cha mwenzake, risasi inadunda. Anapiga palepale, inadunda tena. Nikamwambia, "Bwana mdogo, hilo bamba limelala, hutoboi leo wala kesho." Akasimama. "Haya fundi, kaa wewe." Nikakaa. Grili ya watu ikachelewa siku tatu.

Saa moja shilingi 1,000. Viti safi, feni inazunguka, hedifoni zimegandishwa kwa gundi lakini zinasikika. Mtandao asubuhi mzuri, watoto wakishatoka shule unaanza kukwama. Basi, hayo yanatosha. Mimi nataka kuzungumzia risasi, maana humo ndimo wengi wanamochoma pesa yao.

Vita ni watu 15 kwa 15, kila mtu na kifaru chake. Kikilipuka, ndiyo basi mpaka vita nyingine. Kabla ya kuingia unapanga mwenyewe ubebe risasi gani na ngapi. Ukiwa ndani unabadilisha kwa vitufe 1, 2 na 3. Kwa vifaru vingi, 1 ni risasi ya kawaida ya kutoboa, chuma kigumu kisicho na maneno mengi. 2 ni ya bei mbaya. 3 ni ya mlipuko.

Sasa, mashine namba 3 kitufe chake cha 2 kimekufa. Mimi ndiyo niliyokalishwa. Wiki mbili nzima nimepigana na risasi ya kawaida huku wenzangu wakimwaga za bei, na walahi sikuwa wa mwisho.

Siri ni mshazari. T-34 ya Warusi mbele ina bamba la milimita 45 tu, lakini limelazwa nyuzi 60 kutoka wima. Dogo hakuniamini, nikamwita karakana. Nikachukua kipande cha bapa la milimita 10, nikachora mstari kwa chaki kwa pembe ileile, nikapitisha grainda. Nikampa rula apime uso uliokatwa: milimita 20. "Mara mbili, mjomba!" Ehee. Kwa hiyo ile 45, risasi inayokuja bapa inaikuta 90. Tena ile ya kawaida ikigonga kwa nyuzi 70 na zaidi (sifuri ni uso kwa uso), gemu linaihesabu imeteleza, labda mdomo wa mzinga wako uzidi unene wa bamba mara tatu.

Tiger ya Wajerumani ni kinyume: milimita 100 mbele, imesimama wima kama ukuta wa choo. Ndiyo maana wajanja wanaigeuza kidogo, ikae kona. Usiivurumishie tu. Subiri ijisahau ikupe ubavu, kule ni 80.

Zile za namba 2 ziko za namna mbili. Moja ina kiini cha tangisteni, madini mazito na magumu: inakwenda kasi, rahisi kumlenga anayekimbia, lakini umbali unaiua upesi kuliko ile ya kawaida. Kwenye vita vyenyewe, ile Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani waliishiwa tangisteni, na mimi nikiona bei yake kwenye gemu nawaelewa. Ya pili ina koni ya shaba ndani. Dogo akasema ni kama gesi yangu ya kukatia. Hapana. Gesi inayeyusha, ile koni inageuka mshale mwembamba wa shaba unaosukuma chuma pembeni kwa mwendo tu. Karibu au mbali, nguvu ni ileile. Ila ikigusa mnyororo au bati lililoning'inizwa ubavuni, inalipukia hapohapo na umeliwa.

Ya mlipuko wengi wanaidharau. Kwenye bamba nene, kweli, ni kelele tu. Lakini Hellcat ya Wamarekani ina mnara usio na paa! Na ukipata KV-2 ya Warusi, yenye mzinga wa milimita 152, weka mlipuko, tafuta chenye ngozi nyembamba, kisha vumilia, maana kuujaza tena unaweza kunywa kahawa kikombe kizima.

Mwenye chumba nilimlalamikia kuhusu kile kitufe. Juzi amekitengeneza, sasa kimegoma cha herufi W, kifaru kinarudi nyuma tu. Kaeni namba 4.