Fuga ya sauti nne, mimi nimeuziwa tano

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Mbeya, mwaka wa kumi na kitu sasa, na kinanda chetu hakina kanyagio za besi. Kazi ya miguu yangu ni baiskeli. Ndiyo maana siku niliyomsikia Virgil Fox, yule Mmarekani aliyepiga kinanda cha mabomba Riverside Church kule New York miaka mingi, nilishindwa kulala. Mtu anacheza ngoma kwa miguu, juu mikono inafanya mambo mengine kabisa!

Basi, kipindi kile cha baridi kali, nikaenda duka moja la kurushia nyimbo pande za Mwanjelwa. Nikampa kijana karatasi yenye jina. Akaisoma mara mbili, akauliza kama huyo Virgil ni wa Kongo. Elfu kumi, flashi juu yangu, rudi kesho. Hiyo kesho ilinigharimu safari tatu.

Nikafika nyumbani, nikachomeka kwenye sabufa, nikaanza na ile fuga, yaani muziki wa sauti zinazokimbizana kwa wimbo uleule, ya Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, aina ya Gigue, namba BWV 577 kwenye orodha ya kazi zake. Kama hujaisikia: doh ni G, mwendo wa 12/8, dansi tupu. Sauti moja inaanza peke yake kule juu, ya pili inaikimbiza, ya tatu inaingia, wewe umeshika pumzi unasubiri miguu iupokee wimbo. Miguu ikaja. Na hapo hapo, juu yake, sauti ya dada mwenye mwangwi: "Nyimbo kali zote zinapatikana hapa hapa!"

Nikadhani ni redio ya jirani. Nikarudisha nyuma. Dada yuleyule. Tena kila baada ya muda mfupi, mpaka mwisho. Flashi nzima!

Nilirudi nikiwa natetemeka. Kijana hata earphone hakutoa. "Mwalimu, huo ndio utaratibu wa duka." Nikamwambia ameharibu muziki. Akanijibu, na hili ndilo lisilonitoka kichwani: "Lakini mzee wangu, wimbo wenyewe hauna maneno. Pale tumekuongezea."

Tumekuongezea! Fuga ile ina sauti nne, Bach alihesabu. Nani alimwomba ya tano? Wateja wengine wakacheka, nikaondoka hata chenji ya maji sijachukua. Msiende duka lile.

Fox mwenyewe ni mwongeaji, hilo nakiri. Kwenye onyesho lake la Fillmore East, ukumbi wa muziki wa rock kule New York, mwaka 1970, anawaeleza vijana habari za Bach, na wanamshangilia kama wako uwanjani. Ila yeye anaongea kwanza, halafu anapiga. Na siku ile hakuwa na mabomba, alipigia kinanda cha umeme. Nilipojua nilinuna siku nzima, kisha nikafurahi: kumbe cha umeme nacho kinaweza kuchezeshwa vile, tatizo ni mimi.

Mabomba yapo kwenye rekodi ya Wanamaker, kinanda kilichowekwa ndani ya jengo lililokuwa duka kubwa kule Philadelphia, mabomba zaidi ya 28,000. Besi yake ilipoingia vikombe kabatini vilianza kugongana, mama watoto akatoka jikoni kuuliza kama ni tetemeko. Kwa dakika hiyo moja, elfu kumi yangu niliisamehe. Halafu dada akatangaza.

(Najua, hizi ni za kunakili na anayelalamikia wizi wa muziki ndiye kaununua. Mnisimange taratibu.)

Nilipanga nifute kila kitu. Sijafuta. Jumamosi iliyopita nimewapigia kwaya, wasikie fuga inavyokimbizana, maana hawa wangu wakiambiwa wapishane wanagongana. Walisikiliza kimya, jambo ambalo kwangu hawalifanyi. Baadaye, tukipanga viti, nikamsikia kijana mmoja wa besi anaimba ile sehemu ya miguu, noti kwa noti, na ilipofika pale pale akapaza sauti: "Nyimbo kali zote zinapatikana hapa hapa!" Wenzake wakaanguka kwa kicheko.

Nikamfukuza mazoezini. Alipofika mlangoni nikamwita arudi, maana mapigo aliyapata.