Niligusa kitufe kimoja, kurasa zote zikageuka

Sifa za programu hii ya timu kuchora kurasa kwa pamoja mtandaoni sitazitaja, mwenye kuzitaka azitafute. Mimi nina neno kuhusu kitufe kimoja tu cha bluu.

Wiki kadhaa zilizopita, kazi ikiwa inasubiriwa na mteja kesho yake, niliingia kwenye faili mama la timu yetu. Nilitaka kuona kitufe hicho kingependezaje kikiwa cha kijani, na kona za mviringo, kwenye ukurasa mmoja tu. Nilijua nimeshika nakala. Kumbe nimeshika kitufe chenyewe, kile ambacho vingine vyote vinakifuata. Simu ikaita, nikafunga kompyuta bila kurudisha chochote, kwa sababu nilikolelewa mimi, ukifunga bila kuhifadhi umetupa. Humu hakuna kuhifadhi. Kila unachogusa kimeshaingia, na hakuna kidirisha cha kukuuliza kama una uhakika.

Nikarudi kwenye simu, ujumbe umejaa. "Dada, umegusa nini?"

Vitufe vilikuwa kijani kila mahali. Siyo kila mahali, na hapo ndipo palipouma: nakala ambazo mwenzangu alishazipaka rangi kwa mkono zilibaki na rangi yake, ila kona zikawa za mviringo kama nyingine. Kijani hapa, bluu pale, kona zangu kote. Mtu angedhani tumechora tukiwa gizani.

Nikajaribu kutendua. Wapi! Ukishafunga faili, hatua zako za nyuma zimekwenda. Kwa hasira nikafungua historia ya matoleo, yaani orodha ya faili lilivyokuwa nyakati zilizopita, na kurudisha toleo la asubuhi, na hilo ndilo kosa lililonifanya nichukiwe. Halirudishi kitufe, linarudisha faili zima. Kazi ya wenzangu watatu ya siku nzima ikatoweka mbele ya macho yao wakiwa bado wanachora. Ilibidi turudi tena mbele, na katika kwenda na kurudi huko, vilivyochorwa katikati vikabaki nyuma. Nilipaswa kufungua toleo la zamani pembeni, nisome rangi na vipimo vya kitufe, nivirudishe kwa mkono. Dakika 5. Sisi tulikesha.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: mfumo umefanya kazi kama ulivyokusudiwa, je, nimesoma mwongozo? Kama ulivyokusudiwa! Nimelipia kitu kinachokusudia kunivunjia heshima kazini? Nikaapa tunahama.

Hatukuhama. Siku chache baadaye, hasira zimepoa kidogo, nikausoma ujumbe ule wa huduma kwa wateja mpaka chini. Aya ya mwisho, ambayo sikuifikia, ilieleza kwamba vipande mama, kama kitufe kile, vinaweza kukaa kwenye faili lao la pekee, kama maktaba, na badiliko lisifike kwa wengine mpaka lichapishwe na kila faili likubali kulipokea. Na kwamba mtu anaweza kupewa ruhusa ya kutazama tu. Sisi tulikuwa tumegawa kiungo cha kuhariri kama pipi, hata kwa yule anayekuja kusoma maandishi.

Basi, kosa langu. Sawa. Lakini kwa nini aya hiyo iwe ya mwisho, chini ya kejeli?

Sasa wenye ruhusa ya kugusa faili mama ni wawili, na mimi si mmoja wao, wala sijalalamika. Kabla ya kugusa, toleo linapewa jina. Nikitaka kujaribu jambo, narudufisha ukurasa na kuitenga nakala yangu na mama yake, nikikumbuka kwamba ikishatengwa haitapata tena marekebisho yoyote. (Hilo nalo lilitugharimu, lakini si hadithi ya leo.)

Na nikiri, sijawahi kuona tena faili lenye jina la "mwisho", likafuatiwa na "mwisho kabisa", likafuatiwa na "mwisho huu ndio". Watu wanne tunachora ukurasa mmoja, kila mtu na mshale wake, na wala hatugombani. Kwa hilo ningewapa nyota zote tano.

Nimewapa tatu. Jana ilikuwa moja. Asubuhi hii mmoja wa wale wawili ameniambia kuna kitu "amekirekebisha kidogo" kwenye faili mama, kwa hiyo ngojeni kwanza nikafungue nione.