Kununua mziki wa nyumbani Mtwara: spika kwanza, amplifaya baadaye

Hela ya korosho ikishaingia, mitaa ya Chikongola huanza kusikika miziki mipya. Mwezi haujaisha, baadhi yake iko kwa fundi. Kosa ni lile lile: mtu kapenda amplifaya kwa taa zake, ndipo akaanza kutafuta spika za kuungia. Anza na spika.

Zigeuze usome nyuma. Utakuta omu 4, 6 au 8, yaani kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Namba ikiwa ndogo, amplifaya inatoa mkondo mwingi na kuchemka. Amplifaya iliyoandikwa omu 6 hadi 16 usiifungie spika za 4. Ukiunga mbili za omu 8 sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) upande mmoja, amplifaya inaona 4. Mbili za 4 zinakuwa 2, na hapo transista za amplifaya zinaungua. Kisha tazama desibeli, yaani sauti inayotoka kwa kila wati: spika ya 90 inahitaji nusu ya wati za spika ya 87 kwa sauti ile ile. Spika hiyo ya 90 na wati 30 za RMS (wati halisi za kudumu) zinatosha sebule, na jirani atagonga mlango.

PMPO, zile wati kubwa kubwa za kwenye boksi, ni porojo. Tazama umeme ambao kifaa kinakula: kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kutoa 3000.

Njia ziko nne:

1. Amplifaya ya stereo ya mtumba na spika za omu 8. Ndiyo chaguo langu. Yamaha, Pioneer, Kenwood, zile nzito. Uzito wake mwingi ni transfoma. Ila soma volti kabla ya kulipa. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, na ukutani kwetu kuna 230. Mimi niliunguza moja hivyo, muuzaji akiwa ameniapia kwamba "inakula umeme wowote". Kwenye spika, gusa ukingo wa koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika: sponji iliyozeeka inabomoka kama jani kavu, raba au kitambaa hudumu. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya pande zote mbili. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeshaungua au imepinda. Iache hapo hapo.

2. Bodi ndogo ya amplifaya ya Klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), kama zenye chipu ya TPA3116, na spika za omu 4. Bei ndogo, haichemki sana. Kwenye volti 24 inapiga vizuri, lakini adapta iwe ya ampea 5. Ya ampea 2 inazimika besi ikigonga. Aliye kijijini na betri ya sola ya volti 12 atapata kama wati 15 kila upande, si haba kwa kibarazani. Waya hasi za spika mbili usiziunganishe pamoja, unaweza kuua chipu.

3. Sabufa yenye amplifaya ndani. Kiwanda kimeshaoanisha, hakuna hesabu. Inamfaa asiyetaka usumbufu. Amplifaya ikifa, spika nazo zinakaa kimya.

4. Amplifaya ya gari sebuleni. Hapana. Inataka volti 12 zenye ampea nyingi, na chaja ya betri siyo paua sapulai, yaani kifaa cha kulisha umeme uliotulia.

Watu huogopa amplifaya kubwa bure. Inayounguza twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) mara nyingi ni ndogo inayokamuliwa mpaka sauti inakwaruza. Ukisikia mkwaruzo, punguza, hata kama shemeji kasema ongeza.

Waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa spika za sebuleni; ule mwembamba kama uzi uachie kengele. Wa Shangani na Mikindani, karibu na bahari, kila baada ya miezi michache chomoa waya, kata ncha iliyoota ukijani, kwangua klipu za spika kwa msasa laini, ufunge upya. Wengi huja kwa fundi na "spika imekufa" kumbe ni chumvi.